Mashoka Yaliyo Hai

Andika kwanza majina. Baba yangu aliitwa Nzioka, mwana wa Mbithi. Mama yangu aliitwa Kalondu, binti wa Mutunga. Wote wawili walizaliwa katika vilima vya Mbooni, Ukambani, nami nilizaliwa huko huko, katika nyumba ya udongo iliyotazama bonde. Usiandike tarehe, kwa sababu hakuna aliyenitajia. Andika kwamba mama alifariki kabla sijang'oa meno ya utoto, na kwamba baba, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alikuja akamzika, akafunga nguo zangu katika leso, akanipeleka mjini. Kaa wima unapoandika. Nikinyamaza, usinisaidie kutafuta neno, nitalipata mwenyewe.

Mimi si mkongwe wa kutembelea mkongojo, hilo unaliona. Niliolewa mapema, na mama yako naye hakukawia, ndiyo sababu una nyanya ambaye bado hubeba ndoo yake. Miaka ninayokusimulia ni ile ya tisini, nilipokuwa mtoto Shauri Moyo, katika nyumba za baraza la jiji zilizopangwa safu kwa safu, kila familia na chumba chake. Juma lililopita uliponisindikiza kule kumjulia mgonjwa hali, uliniuliza kwa nini nilisimama katikati ya njia nikitazama ukuta wa ghorofa kama mtu aliyepotea. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nikitafuta bomba la maji. Pale ulipoona lile lango la chuma lenye mlinzi, ndipo lilipokuwa bomba la safu yetu, na karibu na bomba, chini ya mabati yaliyoegemezwa ukutani, ndipo baba yangu alipokaa akifufua mashoka.

Kufufua ni neno lake, si langu. Hakuwahi kuuza shoka jipya. Mashoka yake yalitoka Gikomba, kwa wauza vyuma chakavu, yakaja katika gunia yakiwa vichwa vitupu. Mengine yalikuwa na vipande vya mpini vilivyovunjikia ndani ya tundu. Mengine yalikuwa yametumiwa kama nyundo hadi kisogo kikapondeka na kutanuka kama uyoga. Baba aliyamwaga chini, akachuchumaa, akayatazama kitambo kirefu bila kuyagusa, kama anayesubiri yamwambie yalikotoka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutu, na kutu ilikuwa kazi yangu. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mama kutoka magharibi, mume wake karani, na alipika uji wa wimbi na mtama katika sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Uji uliochacha kupita kiasi alitupa sisi. Hatukuunywa. Tuliutia katika debe, tukavizamisha vichwa vya mashoka humo, tukafunika kwa gunia. Baada ya siku kadhaa kutu ililegea, nami nikaisugua kwa mchanga na kipande cha tofali hadi chuma kikaonyesha rangi yake ya kijivu. Mpaka leo nikinusa uji uliochacha, vidole vyangu huhisi ubaridi wa chuma.

Baada ya kutu yalifuata mabaki ya mpini. Hapa andika polepole, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitoka hapa. Mafundi wengi walilitupa shoka zima katika makaa ili mti ulionasa uungue na tundu libaki wazi. Ilikuwa njia ya haraka, na baba aliichukia kama wizi. Alisema kwamba chuma cha shoka hupewa ugumu wake kiwandani, na kikirudishwa motoni ovyo hulainika; utakinoa asubuhi, na jioni utakuta makali yamekunjika kama ukingo wa sahani ya bati. Wateja walimjia kila mara na ombi lile lile, "Mzee, si utie moto tu, nina haraka," naye akajibu kila mara, bila kuinua kichwa, kwamba kwake ni jiwe na maji. Mabaki aliyatoa kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo, mfano wa mtu anayetoa mwiba katika kisigino.

Kisha akanoa. Tulikuwa na jiwe la mviringo lililowekwa kwenye fremu ya mbao, lenye mkono wa kuzungushia na kopo lililotobolewa juu yake likidondosha maji. Mimi nilizungusha, yeye akashika shoka. Hakuyanoa yote kwa namna moja. Shoka la mpasua kuni aliliacha na mashavu manene, ili litawanye gogo badala ya kunasa ndani yake. Shoka la mchonga vinyago alilipunguza hadi likawa jembamba na jepesi. Shoka la bucha alilipa makali mafupi yenye mgongo, kwa sababu mfupa huvunja makali yaliyo membamba. Alipomaliza aliyapitisha kwenye unywele wa mkono wake, kisha akatia mpini wa mti mgumu ulioletwa kutoka kwetu, na kabari ya kuukaza.

Hata hivyo, watu hawakumfuata baba kwa sababu ya makali peke yake. Mpasua kuni mmoja wa mtaani alikuwa amenunua shoka kwingine, likiwa na ufa mdogo ndani usioonekana kwa macho. Lilipasuka akiwa kazini, kipande kikamtoa jicho. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa upande wetu aliyependa kushika shoka la mtumba kabla halijasikilizwa. Baba alilifunga kwa kamba kupitia tundu lake, akalining'iniza, akaligonga kwa bolti. Shoka zima huimba. Sauti yake hurefuka na kwisha taratibu. Shoka lenye ufa hutamka neno moja fupi na kunyamaza. Baba aligonga, akafumba macho, akakaa kimya mbele ya watu waliokuwa kimya pia, kisha akatoa hukumu. "Liko hai," au, "Limekufa." Lililokufa alilirudisha kwenye gunia la chakavu, hata mwenye shoka alie vipi. Walimwita Mzee Sikio, na kutoka Kayole na Buruburu watu walikuja na mashoka yao kumtafuta Mzee Sikio.

Sasa andika jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Baba yangu alikuwa kiziwi.

Ujana wake wote aliumalizia katika karakana akigongelea ribiti, zile pini za kuunganishia vyuma, ndani ya matangi ya chuma, na masikio yakamtoka polepole, leo sauti hii, kesho ile. Nilipoletwa kwake alikuwa anasikia radi tu, na hata hiyo alisema aliisikia kifuani. Hakuna aliyejua. Aliwatazama watu midomo, na maneno ya wateja wa mashoka si mengi. Mtu akizoea, huyajua kabla hayajatamkwa. Lakini wimbo wa chuma hauna midomo. Kwa hiyo nilikaa kando yake juu ya ubao, karibu kabisa, miguu yetu ikiwa imefichwa na gunia la magotini mwake, na mguu wangu mtupu ukiwa juu ya mguu wake. Alipogonga, nilisikiliza mimi. Nikimkanyaga mara moja, shoka liko hai. Nikimkanyaga mara mbili, limekufa. Watu waliona mzee mwenye hekima na binti mvivu aliyemwegemea.

Ndiyo maana sikupelekwa shule. Hakuniambia hivyo, na mimi sikuuliza. Mtoto akishajua ni yeye anayezishika nguzo za nyumba, hahitaji kuelezwa.

Asubuhi zilikuwa ndefu. Watoto wa safu yetu walitoka na sweta zao za buluu, wakipigana kwa mifuko, wakanipita. Baada yao wakatoka makarani na madereva, na mtaa ukabaki na kina mama, kuku, na mimi. Ukuta wa shule ulikuwa nyuma ya safu ya tatu. Nilisikia kengele, nikasikia darasa zima likiimba hesabu kwa sauti moja, nikalizungusha jiwe langu kwa mapigo yao. Baba hakuzungumza sana, kwa kuwa asiyeisikia sauti yake mwenyewe huogopa kwamba anapiga kelele. Nyumba yetu ilikuwa na watu wawili na sauti moja, nayo ilikuwa ya redio ya jirani iliyopita ukutani. Kiswahili hiki unachokiandika nilikipata huko, kwa wasomaji wa taarifa ya habari na wasomaji wa Biblia Jumapili. Nilirudia maneno yao peke yangu nikisugua kutu. Sikuwa na mwingine wa kuyasema naye.

Jioni watoto walirudi, na yule mkubwa wao alikuwa na ulimi.

"Niaje, Darasa la Uji! Leo mashoka yamekufunza nini?"

"Wachana naye, huyo hedimasta wake ni buda yake!"

"Sema A, tusikie. Ama mpaka ugongwe na bolti?"

Wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, maana ukicheka huonekani umeumia. Kisha nikaingia ndani kupika muthokoi. Mahindi yale huchukua muda mrefu kuiva, na nilipenda hivyo. Moshi ulikuwa sababu ya kutosha kwa mtu mwenye macho mekundu.

Katika safu ya tatu aliishi mwalimu wa shule ile, mwanamke mrefu kutoka magharibi, aliyetembea kana kwamba kila mara kengele imeshapigwa. Kila asubuhi alinisalimu kwa jina. Siku moja alisimama, akaniuliza ninachokinong'ona ni nini. Nilikuwa narudia taarifa ya habari ya saa moja, neno kwa neno, pamoja na hali ya anga. Alinisikiliza hadi mwisho. Siku ya Ijumaa, baada ya masomo, alikuja moja kwa moja hadi kwenye mabati yetu.

Kulikuwa na wateja. Mwenye bucha alikuwapo, bwana mnene mwenye utani mwingi, pamoja na wachonga vinyago wawili na yule mpasua kuni mwenye jicho moja. Mwalimu aliwaamkia wote, kisha akamgeukia baba. Jua lilikuwa nyuma yake, na hilo lilikuwa jambo baya, kwa sababu uso wake ulikuwa kivulini.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya huyu mtoto," alisema. "Utamtumia hivi mpaka lini?"

Baba alimtazama midomo. Kwa Kikamba kosa lililofuata lisingetokea, kwa kuwa mtoto na moto kwetu ni maneno yasiyofanana hata kidogo. Lakini Kiswahili baba alikipata ukubwani, kwanza kwa masikio na sasa kwa macho, na kwa macho, mjukuu wangu, mtoto na moto ni neno moja. Jaribu mwenyewe mbele ya kioo. Aliona mteja mwingine aliyekuja kuuliza habari za moto, akajibu kama alivyowajibu wote.

"Mama, mimi mambo hayo siyataki. Kikishaingia humo, hakirudi kama kilivyokuwa. Kinalainika, hakifai kitu tena. Hapa kwangu ni jiwe na maji."

Alikuwa akisema juu ya chuma. Mwalimu alisikia mtu anayesema juu ya binti yake: kwamba akishaingia shuleni atalainika na hatafaa kitu. Tena alisikia binti huyo akiitwa ki, kana kwamba ni kitu, kijiti cha kuokotwa njiani. Nilimwona akivuta pumzi.

"Unamwita mwanao ki?"

Baba aliona midomo ikisema ki, akadhani anaulizwa tena habari za chuma. Akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo. Hata kiwe kizuri namna gani."

Mwenye bucha aliangua kicheko, akampiga mchonga vinyago begani. "Mmesikia? Mzee ana maneno! Jiwe na maji! Mwalimu, huyo humwezi, rudi ukasahihishe madaftari." Na wale wengine wakacheka, si kwa ubaya, bali kwa kuwa waliona mzee amesema fumbo kali, na mtaa wetu ulipenda mtu mwenye fumbo.

Mimi nilikuwa mahali pangu, mguu wangu juu ya mguu wake. Nilijua alichokisikia yeye na nilijua alichokisikia mwalimu, na katika watu wote pale ni mimi peke yangu niliyejua yote mawili. Ningefungua kinywa niseme, "Baba hakukusikia," mwalimu angebaki na wateja wangeondoka, na kesho yake kusingekuwa na Mzee Sikio. Lugha ya mguu wangu ilikuwa na maneno mawili tu, hai na kufa, na hakuna hata moja lililofaa. Mwalimu alisema, "Nimekuelewa, Mzee," akaenda zake.

Jioni ile niliwasha taa, nikaisogeza karibu na kinywa changu. Hivyo ndivyo tulivyozungumza. Kuta zilikuwa nyembamba, na siri ya kiziwi haipigiwi kelele. Nilimwambia bila sauti, kwa Kikamba, kila neno la mwalimu na kila neno lake. Alinirudisha nyuma mahali pamoja, akaniuliza kwa midomo, "Alisema mtoto?" Nikatikisa kichwa kukubali. Alikaa akiitazama mikono yake. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza kabla wala baada ya hapo. "Wewe unataka?"

Nilisema ndiyo. Nilisema haraka, kabla sijalifikiria, na usoni pake nililiona neno hilo likimfikia.

Akavaa koti lake, akaenda hadi safu ya tatu, nami nyuma yake. Mwalimu alipofungua mlango, baba alisema, "Jumatatu atakuja," akageuka, akarudi, kwa sababu hangeweza kungoja jibu ambalo hangelisikia. Mwalimu alibaki mlangoni akinitazama kana kwamba ni mimi niliyetukana. Lakini Jumamosi sweta ililetwa, na viatu vya binti yake vilivyokuwa vikubwa kidogo, na habari kwamba mambo ya kuniandikisha angeyashughulikia mwenyewe.

Jumapili, baada ya ibada, baba alifanya zoezi. Aliining'iniza kamba ya shoka kutoka kinywani mwake, ameiuma kwa magego, akagonga. Alisema mtetemo ulimpanda mataya hadi kichwani, na kwamba lililo hai lilikaa muda mrefu kuliko lililokufa. Nilimletea hili na lile, naye akakisia, akapatia moja, akapatia la pili, akapatia na la tatu. Alitabasamu, kamba ikiwa bado menoni. Niliamini. Sikuwa nimewahi kuamini jambo lolote kwa nguvu namna ile.

Jumatatu nilitoka na sweta ya buluu. Baba alikuwa ameshakaa, na mahali pangu kwenye ubao aliweka debe la maji ili pasionekane patupu. Mwenye bucha alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa amejipatia shoka Gikomba, zito, la kigeni, akalisifia kwa sauti.

"Mzee, hili ni dume! Nataka lianze leo, nina ng'ombe mzima anangoja. Na wewe binti, uwii! Leo umekuwa mwalimu? Utatusalimu kwa Kiingereza?"

Nilicheka, nikashika njia. Nilikuwa nimefika kwenye bomba baba alipolifunga shoka. Hakuiuma kamba. Bila shaka hangeweza, mbele ya mtu. Mzee anayeuma kamba mbele ya wateja atasema anatafuta nini? Aliishika kwa vidole tu, akatumaini kwamba mtetemo ungemfikia. Akagonga.

Lilisema neno moja fupi, likanyamaza.

Wakati huo huo kengele ya shule ilianza kulia nyuma ya safu ya tatu, na nikazisikia sauti zote mbili. Baba alifumba macho kama kawaida yake. Mwenye bucha alingoja. Nilijua bucha lile. Nilikuwa nikinunua mifupa ya supu pale, na najua jinsi watu walivyojazana mbele ya gogo la kukatia, kina mama na vikapu vyao, nyuso zikiwa karibu kabisa na shoka linaposhuka. Baba akafumbua macho.

"Liko hai."

"Nilikwambia! Hili dume!" Mwenye bucha alinyoosha mkono alichukue.

Kengele ilikuwa bado inalia. Nilirudi. Sikukimbia, nilitembea kama aliyesahau kitu. Niliondoa debe, nikakaa mahali pangu, nikavua kiatu, nikaweka mguu wangu juu ya mguu wa baba, nikakanyaga mara mbili.

Hakunitazama. Mkono wake ulilirudia shoka kabla halijachukuliwa, akaliinua tena kwa kamba, akaligonga tena, akafumba macho tena.

"Hili limekufa," alisema.

"Mzee! Si umesema sasa hivi liko hai?"

"Nimelisikiliza tena."

Mwenye bucha alilalamika, akaapa, akaita mashahidi, kisha akalibeba shoka lake hadi kwenye jiwe lililokuwa chini ya bomba na kulipiga kwa hasira ili aonyeshe uzima wake. Liligawanyika vipande viwili. Nakumbuka alivyookota kipande kimoja, akauona ufa ulioingiwa na kutu miaka na miaka, akavua kofia yake. Siku ile habari za Mzee Sikio zilifika hadi Eastleigh. Na kengele ilikuwa imekwisha kulia.

Kiatu cha pili nilikivua baadaye. Sweta niliikunja, nikairudisha pamoja na viatu jioni hiyo. Mwalimu aliipokea mlangoni. "Kwa hiyo amekushinda," aliniambia, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imechoka. Sikumjibu, kwa kuwa kila jibu la kweli lingekuwa ni kumtoa baba yangu nje bila nguo. Tangu siku hiyo alipita asubuhi bila kunitaja jina, na baada ya miezi akahamishiwa shule nyingine. Hiyo ndiyo salamu niliyoikosa kuliko zote.

Baba na mimi hatukulizungumza jambo lile. Alinichongea tu kigoda chenye mgongo, ili nisichoke, nami nikaelewa kwamba ni kiti cha mtu atakayekaa. Nilikaa hadi nikawa mwanamwali, hadi mguu wangu ukawa mkubwa karibu kama wake. Alifariki kwa homa ya mapafu, katika msimu wa mvua, nasi tukampeleka Mbooni. Watu wa mashoka walikodi gari, wakaja wengi. Walisimama mmoja baada ya mwingine, wakalisifu sikio lake. Mwenye bucha alilia. Alisema halitatokea tena sikio kama lile Nairobi. Nilikuwa nimekaa chini, miguu yangu nimeikunja chini ya leso, nikawasikiliza.

Mabati yale hayapo sasa. Watu wanapikia gesi, mabucha yana misumeno ya umeme, na wachonga vinyago wamehamia mbali. Mashoka mapya yanauzwa dukani yakiwa na mipini ya plastiki, na yakivunjika yanatupwa. Safu yetu ilibomolewa, bomba lilizibwa. Juma lililopita, nilipokuwa nimesimama pale, nilitega sikio kama nilivyofundishwa, na katika kelele zote zile sikupata sauti hata moja niliyoijua.

Lakini sikukuita uandike kwa ajili ya kelele. Mama zako wadogo wanasema, na wamekuwa wakisema miaka mingi, kwamba nyanya yenu hajui kusoma kwa sababu alikuwa na baba mkatili, aliyesema mbele ya watu kwamba binti akisoma huharibika. Wameyapata maneno hayo kwa watu wa Shauri Moyo, na ni kweli yalitamkwa. Wanayarudia kila harusi. Mimi nimenyamaza, kwa sababu kumtetea kulikuwa ni kumtangaza kiziwi, na aliniachia siri ile kama watu wengine wanavyoachiwa shamba.

Sasa sikiliza cha kutunza. Kuna kichwa cha shoka katika sanduku langu, nimekifunga katika kitambaa chenye mafuta ya ng'ombe. Usikitie mpini, hakuna kuni za kupasua katika nyumba yenu. Kipanguse kila mvua zinapoanza, ukifunge tena. Ukikipoteza, sitafufuka kukudai.

Karatasi hizi usizipoteze. Hadi niondoke, ziweke mbali na mama zako wadogo. Siku ya kunizika watasimama na kusema maneno yao kuhusu baba yangu, kwa sababu hawana mengine. Waache wamalize. Kisha wewe usimame, uliyesoma, uwasomee mstari huu mmoja, na uusome kwa sauti ya kumfikia aliye nyuma kabisa: baba yangu alinipeleka shule, nikarudi mwenyewe.

Nionyeshe ulivyouandika. Sijui kuusoma, lakini nionyeshe ni upi.